Mtoto Achujwe Akiwa na Umri Gani?



Tunapolinganisha elimu ya nchi mbalimbali, aghalabu tunahesabu miaka: hawa saba, wale minane. Hesabu hiyo haitufikishi mbali. Swali lenye uzito ni hili: nchi humchuja mtoto akiwa na umri gani, na asiyechaguliwa humpeleka wapi?

Nchini Ujerumani, majimbo mengi huwagawa watoto baada ya miaka minne tu ya shule ya msingi, wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Baadhi huingia shule iitwayo Gymnasium, njia iliyozoeleka ya kwendea Chuo Kikuu; wengine hupelekwa shule za aina nyingine. Ni mapema mno, na mtoto wa msomi huvuka kwa wepesi kuliko mtoto wa kibarua. Lakini tusiishie hapo, maana asiyekwenda Gymnasium hatupwi. Aweza kuwa mwanagenzi kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu: siku kadhaa za juma yumo kiwandani au dukani, akilipwa kwa mujibu wa mkataba, na siku nyingine yumo darasani katika shule ya ufundi. Cheti chake huheshimiwa na waajiri nchi nzima.

Finland nayo iliwagawa watoto mapema. Kati ya mwaka 1972 na 1977, ikianzia kaskazini, iliunganisha shule zake kuwa moja ya miaka tisa kwa wote, na mchujo ukasogea hadi umri wa miaka 16. Mafunzo ya walimu nayo (jambo tunalolisahau upesi tunapoisifu nchi hiyo) yalihamishiwa Vyuo Vikuu miaka hiyo hiyo.

Hapa Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Hata hivyo mtihani wa darasa la saba uliendelea kuwa mlango mwembamba. Sasa Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi. Ni uamuzi mwema. Lakini kusogeza mchujo mbele si kumwandalia kijana mahali pa kwenda. Ujerumani mzigo huo hubebwa pamoja na waajiri. Kwetu mafundi wengi wa gereji na useremala wanafundisha vijana bila mkataba wala cheti. Ndugu zangu wa Wizara na Halmashauri, kazi ianzie kwa mafundi hao, kabla wanafunzi wa kwanza hawajamaliza miaka yao kumi.