SEVA YA CHAMA ISIZIBWE MLANGO
Maneno yaliyosemwa na mafundi wa kompyuta mbele ya memba wa tawi



Tumeombwa tuwaeleze jinsi seva ya chama iwezavyo kulindwa isizibwe na watu wabaya. Memba wengi hudhani mambo haya ni ya mafundi peke yao. Sivyo. Siku hizi memba husoma matangazo ya mkutano kwa simu, na wale walio mbali, Lodwar au Lamu, hawana njia nyingine ya kupata habari upesi. Mtu akitaka kutunyamazisha usiku wa kuamkia mgomo, hana haja ya kuvunja kufuli la ofisi. Kuziba mlango wa seva kwamtosha.

Wengi wenu mwakumbuka Julai 2023. Mtambo wa Serikali wa eCitizen ulishambuliwa, na watu waliotaka viza na huduma nyingine wakahangaika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilisema ndilo lililofanya, na Oktoba 2024 ilitangazwa huko Marekani kwamba ndugu wawili wa Sudan wameshtakiwa kwa mashambulizi mengi ya namna hiyo. Shambulio la aina hii haliibi karatasi hata moja. Hujaza mlango wageni wa bandia, hata mwenye haja ya kweli asipite.

Basi tuseme seva ni ofisi yenye makarani wa dirishani. Apache, programu ya seva inayotumiwa sana, katika mpango wake wa zamani ina makarani 256, wala haizidishi mpaka fundi abadilishe hesabu. Kila mgeni hupewa karani wake. Mgeni akiisha kusema haja yake, akajibiwa, karani huwa huru.

Mwaka 2009 Robert Hansen wa Marekani alitoa programu iitwayo Slowloris, akaonyesha udhaifu wa mpango huo. Programu hiyo hufika dirishani ikasema, "Naomba..." Kisha kimya. Baada ya kitambo huongeza neno moja, tena kimya. Haimalizi kamwe. Karani naye, kwa adabu aliyofundishwa, hungoja. Kompyuta moja tu yenye laini hafifu yaweza kuwashika makarani wote 256 kwa ujanja huu. Ukiitazama seva yenyewe utaiona imetulia kama siku ya Jumapili, kumbe nje memba wanagonga mlango bure.

Apache ya 2.2 ilikuwa tayari kungoja sekunde 300 toka neno moja hadi jingine. Ile ya 2.4 hungoja 60. Ni nyingi mno kwa mtu asiyesema kitu. Dawa ni kumpimia mgeni saa tangu afike, na mstari wake katika faili ya mipango ni huu:

RequestReadTimeout header=20-40,MinRate=500 body=20,MinRate=500

Maana yake, mgeni ana sekunde 20 za kuanza kueleza haja yake. Akiwa anasema kweli, kila baiti 500 humwongezea sekunde moja, lakini zikitimia 40 dirisha lafungwa. Hata mwenye simu ya zamani, huko mtandao ulikochoka, huweza kumaliza katika muda huo. Seva ya nginx haimpi kila mgeni karani wake; wafanyi kazi wake wachache huhudumia maelfu kwa zamu, kwa hiyo si rahisi kuishika kwa njia hii. Lakini hata hiyo hungoja sekunde 60 kwa desturi, nasi twaona zipunguzwe.

Sasa twafika penye ubishi. Mafundi wengi, wakisikia shambulio, hukimbilia kuhesabu vichwa: kila anwani ya intaneti iruhusiwe maombi kadha tu kwa sekunde, ikizidi ifukuzwe. Ni shauri jema kwa nchi ambazo kila nyumba ina anwani yake. Hapa kwetu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa kuwa anwani za mpango wa zamani ni haba. Kiwanda kizima cha wafanyi kazi mia tano chaweza kuonekana kama mtu mmoja. Ukiweka kipimo kikali, siku ya tangazo kubwa utawafukuza memba wako mwenyewe, na adui hakufanya lo lote! Twasema kipimo cha saa kitangulie. Kipimo cha vichwa kifuate, kiwe kipana, kikaze zaidi pale penye kazi nzito kama ukurasa wa kutafuta majina.

Tena kuna mtego. Seva ikiwa nyuma ya seva nyingine ya mbele, wageni wote huonekana wametoka kwa anwani ya ile ya mbele. Fundi asipoiambia seva yake mahali pa kusoma anwani ya kweli, atamfunga kila mtu kwa pigo moja. Nayo iamini habari hiyo itokapo kwa seva ya mbele tu, kwa maana mgeni mwongo aweza kuiandika atakavyo.

Kuhusu mafuriko ya salamu zisizomalizwa, yale yaliyoiangusha Panix ya New York mwaka 1996, Linux ina kinga yake, tcp_syncookies. Tazameni tu kwamba imewashwa.

Mafuriko yakijaza bomba zima kabla ya kufika kwetu, hapana mstari wa faili utakaosaidia. Hapo sharti anayetuuzia intaneti azuie maji huko juu. Halmashauri na imwulize kabla ya kutia sahihi mkataba mpya: atafanya nini, kwa muda gani, na nani atapokea simu saa nane ya usiku.

Majaribio yafanywe kwa seva yetu wenyewe tu, kwa ruhusa iliyoandikwa, maana kuvuruga kompyuta ya mwingine ni kosa kwa sheria ya Kenya ya 2018. Twaomba yawe usiku wa Jumamosi, na mafundi wawili watakaokesha wahesabiwe ovataimu yao.