Wajibu wa Wakili kwa Mteja Wake na kwa Nafsi Yake



Migori na Homa Bay zina Mahakama Kuu, na watu wengi hufika huko kwa kesi za mashamba, urithi na ajali. Mwenye madai, asiyejua sheria, humkabidhi wakili karatasi zake, siri zake na tumaini la jamaa yake. Yafaa basi ajue haki yake.

Mfano ni huu. Mwanamume wa Awendo amegongwa na gari katika barabara iendayo Isebania, akafariki. Mjane wake, mwenye watoto wa kulea, aenda kwa wakili kudai fidia.

Wajibu wa kwanza wa wakili huyo ni kutunza siri. Aliyoambiwa na mjane kwa ajili ya kesi hana ruhusa kuyatoa bila idhini yake, hata kesi ikiisha. Wala haifai awatetee mjane na mwenye gari pamoja.

Wajibu wa pili ni kuangalia siku. Madai ya ajali ya namna hii hufunguliwa katika muda wa miaka 3. Na hukumu ya hakimu katika madai ikikatiwa rufani Mahakama Kuu, muda wake ni siku 30. Wakili akilala, haki ya watoto yaweza kupotea.

Wajibu wa tatu ni fedha. Fidia ikilipwa si mali ya wakili. Sheria yataka iwekwe katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake mwenyewe, naye mjane apewe hesabu kamili: kiasi kilichopokewa, gharama, ujira, na baki yake. Tena sheria ya Kenya haikubali mapatano ya kwamba wakili atalipwa akishinda tu, wala haimruhusu kununua madai ya mteja wake.

Wakili ana wajibu kwa nafsi yake pia. Mjane akimtaka alete shahidi wa uongo, hana budi kukataa, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa mahakama vilevile. Akituma watu hospitalini kuwawinda majeruhi ili awe wakili wao, amevunja sheria na kushusha heshima ya kazi yake.

Watu wa Nyanza wanaye wa kumkumbuka. Marehemu C. M. G. Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, aliwatetea washtakiwa wa Mau Mau katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakati ambapo kazi hiyo haikumpendeza mtawala. Mtu anyimwaye mtetezi kwa kuwa watu wanamchukia hana mahakama ya haki.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila mteja na ahakikishe kwamba wakili wake ana cheti cha kazi cha mwaka huo, adai stakabadhi kwa kila shilingi, na aweke nakala ya kila karatasi. Akidhulumiwa, asikae kimya. Ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoanzishwa mwaka 1989. Na Baraza la Nidhamu la Mawakili lina uwezo wa kumtoza wakili faini, kumsimamisha kazi, au kulifuta jina lake katika orodha ya mawakili.