Baa Zilifunguliwa Kabla ya Shule

(Haya ni maneno niliyoyasema katika kikao cha wazazi wa Pwani ya Kenya tunaoishi London. Waliohudhuria wameniomba niyaandike ili na walioko nyumbani wayasome na wanisahihishe palipo na kosa. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nimeombwa niseme juu ya elimu ya watoto wa nyumbani, na naona baadhi yenu mnangoja hesabu ya madawati tuliyochangia. Hesabu hiyo anayo mweka hazina, atawasomea baada ya chai. Mimi nataka turudi nyuma mpaka mwaka 2020, kwenye ile miezi tisa na zaidi ambayo shule za Kenya zilifungwa. Najua wapo watakaosema hayo yamepita, tugange yajayo. Kwangu mimi hayajapita, na nitawaeleza kwa nini.

Dadangu anakaa Likoni. Mumewe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na watalii walipokatika Machi 2020, kazi nayo ikakatika. Dada akabaki na meza yake ya mahamri na mbaazi, ambayo wateja wake wakubwa walikuwa watu wanaowahi feri na watoto wanaokwenda shule. Watoto wakaondoka mezani siku moja. Nyumbani ana mvulana ambaye wakati ule alikuwa darasa la saba, na msichana wa darasa la pili.

Tukumbushane tarehe, maana watu wanasahau upesi. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kuwa shule zifungwe. Hapo hakuna mzazi aliyelalamika. Hata huku Uingereza ilikuwa hivyo hivyo, wiki ile ile. Ugonjwa ulikuwa mgeni, hospitali zilikuwa hazijajiandaa, na kila mtu alimuogopea mzee wake. Tulidhani ni wiki chache.

Wiki zikawa miezi. Mwezi wa Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, akatangaza kuwa mwaka ule wa masomo umehesabiwa umepotea, hakuna mtihani wa darasa la nane wala wa kidato cha nne, na wanafunzi wangoje Januari 2021. Kisha mambo yakageuka, na tarehe 12 Oktoba wakarudishwa wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Waliobaki wote, akiwemo mpwa wangu, walirudi tarehe 4 Januari 2021.

Sasa wekeni tarehe hizo kando ya nyingine. Nyumba za ibada ziliruhusiwa kufunguliwa kwa masharti mwezi wa Julai 2020. Ndege za ndani zikaanza kuruka tarehe 15 Julai. Ndege za nje zikaanza tarehe 1 Agosti. Mwisho wa Septemba, baa zikaruhusiwa kufunguliwa na saa za kafyu zikasogezwa mbele. Na shule, hata hizo za madarasa matatu, zikangoja mpaka katikati ya Oktoba.

Yaani mimi, kuanzia Agosti, ningeweza kutoka London, mji uliokuwa umezika maelfu ya watu, nikashuka uwanja wa ndege wa Mombasa na kwenda kukaa hotelini. Mpwa wangu hakuweza kutembea dakika kumi mpaka darasani kwake.

Dada alinipigia simu mwezi ule wa Agosti. Akaniambia, "Kaka, nyinyi mmefunguliwa ndege, sisi watoto wetu bado wamefungiwa."

Nikamjibu kama mtu mwenye kujua. Nikamwambia avumilie, uhai kwanza, darasa la mtoto wake lina watoto themanini na bomba la maji moja, akifa bibi yao nani atabeba dhamana?

Akasema, "Themanini hao hao wako sokoni. Wako pwani wanaogelea. Wako kwenye video wanatazama mpira wa Uingereza mpaka kafyu inawakaribia. Corona inaishi shuleni peke yake?"

Nikamtumia klipu za wataalamu kwenye WhatsApp. Hakunijibu. Leo nasema mbele yenu kuwa nilikosea, na si kwa sababu hoja yangu ilikuwa ya kijinga. Kosa ni kuwa nilikuwa nasema kutoka mahali ambapo hoja ile hainigharimu kitu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Maana mimi hapa nilikuwa na watoto wawili. Shule iliwafunga Machi, lakini mwalimu aliwapigia simu, kazi zikaja kwenye kompyuta, na ya pili tuliazimwa na shule. Septemba walirudi. Januari 2021 wakafungwa tena mpaka tarehe 8 Machi, na wiki zile nane nilikaribia kurukwa na akili. Nani hapa hakugombana na mtoto mezani jikoni juu ya hesabu za sehemu? Nani hakumwandikia mwalimu mkuu barua ya hasira? Tulilalamika sana, na tulikuwa na intaneti ya kila mwezi, joto ndani ya nyumba, na mshahara uliokuwa ukiingia.

Likoni masomo yalikuwa redioni na kwenye televisheni. Siwabezi waliotayarisha vipindi vile, walijitahidi. Lakini dada hana televisheni. Redio ilikuwa ya simu, na simu ni moja, na ndiyo ya biashara. Ili mtoto afungue somo kwenye YouTube anataka bando, na bando la siku ni bei ya unga. Na hata akisikiliza, asipoelewa atamuuliza nani? Redio haimuoni aliyekunja uso.

Hapa ndipo penye jambo nililotaka kulisema leo. Serikali iliambiwa kuwa masomo ya mtandaoni yatawaacha maskini nyuma, ikasema basi wote wangoje, wote wafungue pamoja. Ilisikika kama haki. Lakini shule ghali za Nairobi na Mombasa zinazofuata mitaala ya nje hazikungoja. Ziliendelea kwenye kompyuta, watoto wao wakamaliza mwaka na wakapanda darasa. Waliongojeshwa ni wale ambao wasingeweza kufanya lolote ila kungoja. Shule zilifungwa kwa wote siku moja, lakini hazikufungwa sawa.

Nataka kuwa muadilifu kwa serikali pia. Walioamua hawakuwa wajinga wala hawakuwa na chuki na watoto. Madarasa yetu yamejaa, hilo ni kweli tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003. Mabweni vitanda vimegusana. Walimu wengi ni watu wazima wenye sukari na presha. Na kama ugonjwa ungelipuka shuleni, sisi sisi tungekuwa wa kwanza kuitukana serikali kwa kufungua. Haya yote nayakubali.

Lakini kama sababu ni madarasa kujaa na maji kukosekana, basi miezi tisa ilikuwa ya kujenga madarasa na kuvuta maji. Januari 2021 watoto waliporudi, shule nyingi madarasa yalikuwa yale yale, na wengine wakasomea chini ya miti. Basi kile kilichokuwa hatari Julai kiliachaje kuwa hatari Januari? Mzazi aliuliza swali hilo na hakupata wa kumjibu. Hasira ya wazazi ilianzia hapo. Mtu anaweza kustahimili taabu akielezwa sababu na mwisho wake. Wazazi wetu hawakuelezwa, walitangaziwa.

Na wasidanganyike wanaosema mzazi wa Kenya alinyamaza. Mzazi mmoja alikwenda Mahakama Kuu Nairobi kudai shule zifunguliwe, na Novemba 2020 mahakama ikamuunga mkono, ikaamuru wanafunzi wote warudishwe ndani ya siku sitini. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Na kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa ni msingi wa utawala. Mwezi ule wa Agosti dada hakuwa akipiga kelele, alikuwa akidai kilichoandikwa.

Mtaniuliza, majirani walifanyaje? Burundi haikufunga shule zake. Tanzania ilifunga katikati ya Machi, na mwisho wa Juni 2020 wanafunzi wote walikuwa wamerudi, ingawa yafaa kukumbuka kuwa tangu mwisho wa Aprili serikali ile iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa, kwa hiyo mzazi wa huko alimrudisha mtoto bila kujua anampeleka kwenye nini. Uganda ilifunga Machi 2020, ikafungua kwa mafungu, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Watoto kama milioni 15 waliguswa, na wako ambao hawakuliona darasa kwa karibu miaka miwili. Sikuyataja haya ili tuseme fulani alifanya vizuri. Nimeyataja kwa sababu katika nchi zote hizi, aliyefunga na aliyefungua, sikuona mahali mzazi alipokaa mezani akaulizwa.

Na gharama haikuisha shule zilipofunguliwa. Ili kufidia mwaka, kalenda ikabanwa, mihula ikafuatana likizo ikiwa ya siku chache, mpaka mambo yakarudi kawaida Januari 2023. Nyinyi mnaotuma karo mnakumbuka, hujamaliza kupumua M-Pesa inaitwa tena. Walimu wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara, na ziko shule zilizogeuzwa mabanda ya kuku na hazikufunguliwa tena.

Nije kwa mpwa wangu, nimalize. Mwezi wa Juni 2020 alianza kwenda steji kuosha tuktuk. Mwanzo ilikuwa mchezo, kupitisha siku. Kisha akawa analeta pesa ya unga, na baba yake hana kazi, nani angemwambia aache? Januari shule ilipofunguliwa alikwenda. Alikaa wiki mbili. Kaptura haikumtosha, masomo ya mwaka uliopita yalikuwa yameshamtoka, na mwalimu akamuweka mbele kumuuliza. Siku ya Jumatatu akatoka na begi, akenda steji. Dada alimfuata, akalia naye pale mbele ya watu, akamrudisha. Akatoroka tena. Mara ya tatu hakumfuata.

Mwaka ule nilituma pesa ya sare. Nilidhani tatizo ni sare.

Sasa ni kijana mzima, anaendesha tuktuk ya mtu, ana adabu, haibi wala havuti. Watu wanamwambia dada ashukuru, na anashukuru. Lakini alikuwa mtoto wa pili katika darasa lake. Hakuna takwimu inayomhesabu, kwa sababu hakufa na corona.

Basi nina mambo matatu ya kuwaomba.

La kwanza ni la siasa. Mwaka 2022 sisi tulioko Uingereza tulipiga kura ya rais wa Kenya kwa mara ya kwanza, na wagombea wa 2027 wanajua njia ya kuja huku kutafuta michango. Akija mmoja, kabla hajala pilau yetu, aulizwe: likija janga jingine, nani ataamua shule zifungwe, kwa muda gani, na baada ya siku ngapi atarudi mbele ya wazazi kueleza kwa nini bado zimefungwa? Yaandikwe yawe sheria. Shule iwe ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa, na baa ingoje.

La pili ni la walioko nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua vyama vya wazazi katika kila shule. Vingi vimekuwa vya kuitwa mara moja kuambiwa mchango ni kiasi gani. Jamani, viingieni, mviulize vina kauli gani siku ya hatari. Mzazi mmoja mahakamani aliweza, elfu moja wenye chama hawatashindwa.

La tatu ni letu hapa. Kila mmoja wetu alilipia wa kwake, akafunga mlango. Naomba kila mtu akipiga simu nyumbani wiki hii aulize jina kwa jina: katika mtaa wetu, nani alitoka shule 2020 na hakurudi? Tuwe na orodha. Wengine bado wanaweza kurudi kufanya mtihani wakiwa watu wazima, wengine watataka ufundi. Nimeongea na mweka hazina, yuko tayari kufungua mfuko wa kazi hiyo, na mimi nimeshaweka jina la kwanza kwenye orodha.

Nilimpigia mpwa wangu nikamuuliza anataka nini. Akaniambia yeye anataka kusomea umeme wa magari, lakini nisianze na yeye, nianze na dada yake ambaye karo ya muhula huu haijakamilika. Nimemwambia tutaanza na wote wawili.

Aliye na neno aseme, na aliyeona nimekosea anikosoe hapa hapa.