Kasi ya Bunduki za Rangi Katika Joto la Pwani
Mada kwa warsha ya wasimamizi wa michezo ya nje, Kona ya Musa, Kwale

Peintiboli inajulikana na wengi waliomo ukumbini, kwa hiyo maelezo yake nitayapitia mbio. Gesi husukuma kidonge cha jelatini chenye rangi, cha gramu 3 hivi. Kikimpasukia mchezaji, ametoka. Mchezo ulianza Juni 1981 huko Henniker, Marekani, kwa bunduki za kutia alama miti na ng'ombe. Kikomo kilichozoeleka ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91, na viwanja vingi hushuka hadi 280.

Linalotusumbua ni imani kwamba kasi ikishapimwa asubuhi, kazi imekwisha. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hubeba gesi iliyogeuka maji, na shinikizo lake hufuata joto. Kwenye nyuzi 20 ni bar 57 hivi. Kwenye nyuzi 30, 72. Ikipita nyuzi 31, hali ya umajimaji hutoweka na shinikizo hupanda zaidi kwa kadiri mtungi ulivyojazwa. Msimu wa kaskazi hapa Diani, mtungi ulioachwa juani huvuka kiwango hicho kabla ya adhuhuri. Skrubu ya kurekebisha kasi haijaguswa, lakini bunduki si ile ya asubuhi. Kibaya zaidi, kufyatua mfululizo huupoza mtungi na kasi hushuka. Refa anayepima wakati huo husoma tarakimu ya kumridhisha, kisha mchezaji hupumzika juani, na risasi yake ya kwanza baada ya hapo ndiyo kali kuliko zote. Kidonge cha mita 91 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 12 hivi. Kikifika mita 100 hubeba 15. Jicho lisilo na kinga halihimili hata ile ndogo.

Wapo wanaosema tuteremshe kasi sana asubuhi ili tuwe na akiba. Hoja hiyo ina uzito, ila vidonge vitaanguka karibu, na mchezaji asiyeridhika ataichezea skrubu kwa siri. Wengine hulalamikia gharama ya kutumia hewa iliyoshindiliwa badala ya kaboni dayoksaidi. Lakini ukanda huu umejaa vituo vya kuzamia vyenye kompresa na mitungi ya bar 200. Hewa hiyo, ikipitia rejuleta, hutoka kwa shinikizo karibu lile lile asubuhi na mchana. Mitungi ya bunduki ijazwe na fundi mwenye vifaa vyake, isiunganishwe kienyeji.

Kwa heshima kwa mamlaka husika, napendekeza hewa ichukue nafasi ya kaboni dayoksaidi. Pasipowezekana, mitungi ikae kivulini, na kila bunduki ipimwe asubuhi, saa sita mchana na kila mtungi unapobadilishwa. Ipimwe ikiwa imepumzika, kwa risasi kadhaa, na ile ya kasi zaidi ndiyo ihesabiwe. Wastani haumkingi mtu. Kikomo kiwe futi 280. Skrubu izungushwe robo kwa robo, na fundi ahakikishe upande kwanza: kwenye bunduki aina ya Tippmann 98 kukaza hupunguza kasi, kwenye Spyder huongeza. Funguo za skrubu zibaki kwa refa. Barakoa zivaliwe hata wakati wa kupima. Narudia, kwa sababu ndilo linalopuuzwa kila msimu: kipimo cha asubuhi kisikubaliwe kuwa kipimo cha mchana, na bunduki isiyopimwa tena saa sita isiingie uwanjani.