Nyumba Yangu, Ardhi ya Mwenzangu

Leo natuanzie barazani, mtaa wa Majengo, Mombasa.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili mnayoijua: vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono ule, ukumbi katikati umenyooka hadi uani penye jiko na choo. Mwenye nyumba amepangisha vyumba vinne, na mwezi ukiisha anakusanya kodi yake. Halafu naye anatia mkono mfukoni, anatoa kodi na kumpelekea mtu mwingine, mwenye ardhi. Basi mtu huyu ni mwenye nyumba, na papo hapo ni mpangaji. Wenyewe Mombasa wanaiita nyumba bila ardhi.

Kwa sheria ya Kiingereza hiki ni kioja. Sheria ile ilirithi kanuni ya Warumi kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, umemjengea yeye. Huku mwambao, mazoea ya wenyeji na fikihi ya Kiislamu vilikwenda njia nyingine: ardhi mbali, kilicho juu yake mbali. Mtu aliweza kuwa na minazi yake ndani ya shamba la mwenzake, akaiuza au akaiweka rehani, na akifa warithi wakagawana mnazi kwa mnazi. Nyumba nayo ilikuwa vivyo hivyo. Kulikuwa pia na ardhi ya wakfu, isiyouzwa wala kurithiwa, ambayo watu waliruhusiwa kujenga juu yake kwa kodi.

Tena tukumbuke nyumba yenyewe ilijengwa kwa nini: boriti za mikoko, fito, udongo na makuti. Mambo yakiharibika, mwenye nyumba aling'oa mlango wake na boriti zake, akaenda kusimamisha kwingine. Desturi ile ilifaa nyumba inayohamishika.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwaka 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Unguja wautawale ukanda wa pwani wa maili kumi kwa niaba yake, wakimlipa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Naam, mwambao mzima ulikuwa umekodishwa, na mambo hayo yaliendelea mpaka 1963. Lakini mpangaji huyu mkubwa alikuja na daftari. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi za pwani: kila mwenye madai afike mbele ya msajili na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe ni ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Waliozoea ofisi na makaratasi, wengi wao Waarabu na Waswahili wa mijini, walifika wakapata hati. Wamijikenda wengi hawakupata. Kwao ardhi ilikuwa ya ukoo, na daftari lilitaka mwenyewe ajulikane kwa jina. Watu waliamka wakiwa wageni katika mashamba waliyolima babu zao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakati huo huo, bara, walowezi wa Kizungu walikuwa wanagaiwa mashamba. Sheria ya 1902 iliwapa mkataba wa miaka 99. Wakanung'unika kuwa ni michache, na sheria ya 1915 ikawapa miaka 999. Pimeni wenyewe: mlowezi ameandikiwa karibu miaka elfu, na mjenzi wa Majengo ana mwezi mmoja, ukiisha anaanza mwingine. Wanasheria walimwita mpangaji kwa hiari ya mwenye ardhi. Hiari ikimwisha mwenye ardhi, anatoa notisi.

Mji ulipopanuka, wenye mashamba waligundua kuwa viwanja vinalipa kuliko minazi. Wakagawa mashamba, wakachora vichochoro, watu wakajenga kwa kodi ya mwezi. Waliopata nafuu walibomoa udongo na makuti, wakasimamisha matofali, saruji na mabati. Hapo ndipo desturi ilipogeuka mtego, kwa sababu ukuta wa saruji hauhamishiki. Mwenye ardhi akifa, au shamba likauzwa kwa mtu asiyejua maagano ya zamani, yule mjenzi anabaki na funguo za nyumba iliyosimama juu ya mali ya mgeni.

Kenya huru ililiona jambo hili. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 iliwataja wapangaji hawa wa pwani kuwa tatizo linalohitaji ufumbuzi. Katiba ya 2010 nayo ikaifyeka ile miaka 999 kwa asiye raia: mkataba wake ukawa wa miaka 99, ikihesabiwa tangu Katiba ianze kutumika, na asiye raia aliyekuwa na umiliki usio na kikomo naye akapewa miaka hiyo hiyo kwa kodi ya jina tu. Yaani hata aliyepunguziwa alibakiziwa karibu karne nzima, tena kwa maandishi. Mjenzi wa nyumba bila ardhi bado anahesabu miezi.

Kwa hiyo, msikilizaji, kosa halikuwa katika desturi ya kutenga nyumba na ardhi. Desturi ile ilikuwa na haki yake. Kosa ni kwamba upande mmoja uliandikwa na wa pili ukaachiwa mdomo. Kabla hujachimba msingi, uliza ardhi ni ya nani, umepewa kwa miaka mingapi, na mkataba ukiisha nyumba itakuwa ya nani. Majibu hayo yaandikwe, yashuhudiwe, na nakala yako uiweke pasipofika mchwa.