Chuo Si Mwalimu Peke Yake

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafanyakazi wa vyuo vya ufundi na wanakamati wa basari wa wadi. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika hotuba za wengine, kisha kusimama kando na kamera. Leo nimeambiwa nisimame mbele. Mtanisamehe nikibabaika kidogo.

Nilipokuwa mwaka wa pili nikisomea uanahabari, karo ilimshinda baba. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameuzwa, na wa pili hakuwepo. Nikawa nahudhuria masomo asubuhi, na jioni nalala njaa. Katika mesi palikuwa na mpishi mmoja ambaye wanafunzi sote tulimwita Mama Ugali. Siku moja alinisimamisha akaniambia, "Wewe kijana, kila siku unapita hapa umeinamisha kichwa. Njoo usugue sufuria." Nilisugua sufuria mihula miwili, nikala, nikamaliza masomo. Siku ya mahafali mkuu wa chuo aliwashukuru wahadhiri, wazazi na wafadhili. Mama Ugali alikuwa nyuma ya hema akipakua pilau. Na niwaambie ukweli, mimi mwenyewe sikwenda kumtafuta.

Nilimkumbuka majuzi nikisoma habari za vyuo viwili vidogo vya Marekani. Kule kuna aina ya chuo ambayo hapa kwetu si ya kawaida. Ni chuo cha shahada chenye wanafunzi wachache, pengine elfu moja au mbili, na hakimfungi kijana katika taaluma moja tangu siku ya kwanza. Anayesomea sayansi husoma pia lugha, historia, falsafa, hata muziki. Mimi nitaviita vyuo vya elimu pana.

Cha kwanza kinatuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, kwa sababu vyuo vikuu vya hapa Afrika Mashariki havikutosha na mkoloni hakuwa na haraka. Vyuo vingi vilikubali. Lakini nafasi bila nauli ni karatasi tu. Mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango, na wananchi wa kawaida wa Marekani wakachanga. Huku nyumbani familia na majirani nao walichanga walichokuwa nacho. Septemba mwaka huo ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 ili wengine wasafiri.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyekuwa amemaliza shule Loreto Limuru. Alipelekwa mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, katika chuo cha wanawake kilichoitwa Mount St. Scholastica. Kiliendeshwa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto. Alisomea bayolojia, na kwa kuwa ni chuo cha elimu pana, akachukua kemia na Kijerumani pia. Alihitimu mwaka 1964. Sote tunamjua: ni Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement na Mwafrika mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004.

Sasa tuwatazame watawa wale. Mtawa wa Benedikto hana mshahara wa kuweka mfukoni mwake. Anachokipata ni cha jumuiya nzima. Vyuo vya namna hiyo havikuwa na mamilioni benki. Akiba yao ilikuwa jasho la wanawake waliofundisha darasani, wakasimamia mabweni na kuendesha nyumba yao bila kudai malipo ya mtu binafsi. Tukisema "Marekani ilimsomesha Wangari", tunataja Kennedy kwa haraka. Wale akina dada wa Atchison hatuwataji.

Chuo cha pili ni Berea, jimbo la Kentucky. Kilianzishwa mwaka 1855 na mhubiri John Fee, mpinzani wa utumwa, katika jimbo ambalo watumwa walikuwa bado wanauzwa. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, weusi na weupe walisoma pamoja pale. Mwaka 1904 jimbo likapitisha sheria ya kukataza jambo hilo. Chuo kilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1908 kikashindwa. Sheria hiyo ilipolegezwa mwaka 1950, Berea kikafungua mlango tena.

Lakini lililonivuta zaidi ni la karo. Tangu mwaka 1892 mwanafunzi wa Berea halipi karo ya masomo. Wanaochukuliwa ni watoto wa familia zisizojiweza. Na kila mmoja wao, hakuna wa kusamehewa, hufanya kazi chuoni saa 10 kwa wiki au zaidi. Wako walio shambani, walio maktabani na maofisini, wanaofuma vitambaa, na hata wanaotengeneza fagio za kuuzwa. Wapo wanaopokea wageni katika hoteli ya chuo. Wanalipwa, na kila mwanafunzi ana msimamizi wake wa kazi. Msimamizi huyo anaweza kuwa fundi au karani, na kwa upande huo naye ni mwalimu.

Mnaona tofauti na sufuria zangu? Mimi nilisaidiwa kwa huruma ya mtu mmoja, kwa siri, na siku angehamishwa ningelala njaa. Kule wameuweka wema wa Mama Ugali kwenye utaratibu.

Mtauliza pesa zinatoka wapi. Mwaka 1920 wadhamini wa Berea waliamua kwamba fedha zote wanazoachiwa na marehemu katika wasia bila masharti zisiliwe, ziwekwe akiba, na chuo kitumie faida yake. Waliokata uamuzi ule wamekwisha kufa zamani. Hazina ile leo imepita dola bilioni 1, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama za mwanafunzi. Sisemi tuige. Hatuna wasia wa aina hiyo, na mzee akifa hapa kwetu shamba huleta kesi kabla ya matanga kuisha. (Mnacheka, lakini machifu mlio hapa mnajua.)

Wala si kwamba kule mambo ni laini. Mwaka 2015 bodi ya chuo cha Sweet Briar, cha wanawake, jimbo la Virginia, ilitangaza kwamba kinafungwa kwa kukosa fedha. Waliosoma pale zamani walikataa. Walikwenda mahakamani na wakati huohuo wakachangisha. Mwezi wa sita yakafikiwa makubaliano wakiahidi dola milioni 12, na chuo kikabaki wazi. Hebu nasi tujiulize: kuna chuo cha ufundi katika kaunti yetu chenye orodha ya mafundi waliosomea pale? Seremala na mafundi umeme waliojenga nusu ya soko letu walitoka humo. Hakuna aliyewahi kuwapigia simu.

Narudi nyumbani. Katiba imeipa serikali ya kaunti jukumu la vyuo vya ufundi, kwa hiyo wapishi, makarani, matroni na walinzi wa vyuo hivyo ni wenzangu. Muhula uliopita nilikwenda kupiga picha za kukabidhi hundi za basari. Picha zilitoka vizuri. Wiki mbili baadaye nilirudi chuo kimojawapo, na mlinzi wa lango akaniuliza, "Yule msichana wa ushonaji uliyempiga picha, mbona hajaripoti?" Mkuu wa chuo hakuwa na habari, kwa maana kwenye vitabu karo ilikuwa imelipwa. Matroni ndiye aliyempigia mamake simu. Msichana hakuwa na nauli, godoro wala blanketi. Matroni na wapishi wakachanga, akaja kwa bodaboda siku ya Jumatatu. Sasa yuko darasani.

Hundi ile ilitoka kwetu, na bila mlinzi yule ingekuwa imelipia kiti kitupu. Kwa hiyo nina ombi kwa wanakamati wa basari. Mkimaliza kugawa, msifunge faili. Wiki ya pili ya muhula mpigieni simu matroni au karani wa chuo, mtaje majina moja moja, muulize nani hajafika na kwa nini. Na waheshimiwa wawakilishi wadi, bajeti ikija mbele yenu, angalieni mishahara ya hawa watu. Wako wanaofanya kazi kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu mwaka wa tano huu. Mtu ambaye hajui kama mwezi ujao atakuwa kazini hatuwezi kumtegemea atuhesabie watoto.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Kwenye ratiba baada yangu paliandikwa "picha ya pamoja", lakini nimeomba ruhusa kwa Mheshimiwa Waziri na amekubali. Pale nyuma, karibu na mlango wa jikoni, amesimama mama ambaye yuko hapa tangu saa kumi na moja alfajiri. Ndiye aliyetupikia chai, na ndiye mpishi wa chuo hiki. Mama, njoo mbele, tafadhali. Wacha sufuria kwanza. Kipaza sauti hiki hapa.