Chenji ya Mwenye Duka



Sote tumewahi kwenda dukani tukalipa, mwenye duka akasema: "Sina chenji, chukua pipi." Unachukua. Lakini kesho ukirudi na pipi ile ununue chumvi, ataipokea? Hapokei ng'o! Leo tuzungumzie watu walioishi kwa chenji ya namna hiyo karibu miaka miwili.

Ilikuwa Marekani. Mwaka 1861 watu wa Kaskazini na wa Kusini walianza kupigana vita. Raia waliingiwa na hofu, wakaficha fedha zao. Kwanza zilipotea sarafu za dhahabu na za fedha. Mwaka 1862 hata senti zikaadimika. Serikali ilitoa noti, lakini noti utaikata vipande? Watu wakalipana kwa stempu za barua. Na stempu, mkono ukiwa na jasho, inanata.

Basi wenye maduka wakaenda kwa mafundi, wakatengenezewa vipande vya shaba, ukubwa sawasawa na senti. Gharama ya kipande ilikuwa chini ya senti moja, kwa hiyo walipata faida. Tena jina la duka liliandikwa juu yake, likatembea mifukoni mwa watu bure. Wajanja wengine waliandika SI SENTI MOJA, ila lile neno SI walilifanya dogo sana. Hapo asiyejua kusoma alikuwa na kazi. Hata ajuaye, kama ana haraka.

Mjini New York alikuwako mwuza bia, Gustavus Lindenmueller. Huyu alitoa vipande zaidi ya milioni 1. Kampuni moja ya magari ya abiria, yale yaliyokokotwa na farasi juu ya reli, ilivipokea kama nauli, vikajaa tele. Ikamwendea: tubadilishie, tupe fedha halali. Akakataa. Hapakuwa na sheria ya kumlazimisha, hasara ikabaki kwa kampuni. Sasa tujiulize sisi: ikiwa kampuni nzima ilishindwa, mama mwenye vipande kumi ndani ya kitambaa angemshtaki nani?

Aprili 1864 Bunge la Marekani lilipiga marufuku watu binafsi kutengeneza senti zao. Sheria hiyohiyo ilileta senti mpya za serikali, nyepesi kuliko za zamani, pamoja na sarafu ya senti mbili. Vipande vya maduka vikatoweka sokoni. Aliyebaki navyo nyumbani, vilikuwa vyake.